UZI: Iraq kuliokotwa makombora 5,000 ya kemikali. Je, vita ya Marekani ya 2003 ilikuwa halali?

#1 Kinyamkela

Wakuu salaam.

Kila mjadala wa Iraq ukianza humu, mtu atadondosha sentensi moja na wote mtaitikia: "hawakukuta silaha yoyote." Si kweli. Kati ya 2004 na 2011 wanajeshi wa Marekani, na wale wa Iraq waliofundishwa nao, walikutana na takriban vichwa vya roketi, makombora ya mizinga na mabomu ya ndege 5,000 ya kemikali. New York Times waliyaanika Oktoba 2014: wanajeshi 17 wa Marekani na polisi 7 wa Iraq, kwa uchache, waliathirika. Na kabla ya hapo, 21 Juni 2006, Seneta Rick Santorum na Mbunge Pete Hoekstra walisimama mbele ya waandishi na muhtasari wa kijasusi uliosema silaha kama 500 zenye haradali (sumu inayounguza ngozi) au sarini (sumu ya neva) iliyochakaa zimepatikana tangu 2003.

Hoja yangu ni hii. Azimio 687 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, 3 Aprili 1991, liliitaka Iraq ikubali kuteketezwa silaha ZOTE za kemikali chini ya usimamizi wa kimataifa. Halikusema "zote isipokuwa zilizochakaa." Azimio 1441 la 8 Novemba 2002, kura 15 kwa 0, likatamka kwamba Iraq imekiuka, na kwamba hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Halafu makombora 5,000 yakafukuka. Aliyesema Saddam ana silaha za kemikali anaitwaje mwongo? Na kama si mwongo, vita imekosaje uhalali?

Habari za mafuta tuziweke kando leo. Nataka hoja zenye namba.

#2 Mzee wa Gahawa

Nimeshavuta kigoda. Endeleeni.

#3 FundiBaruti

Mkuu Kinyamkela, namba zako ni sahihi. Tatizo ni kwamba umevirundika kapu moja vitu ambavyo havifanani.

Roketi za milimita 122, Wairaqi waliziita Borak, ndizo zilizokuwa nyingi. Hizo zilijazwa sarini. Sarini ya Iraq haikuwa safi tangu inatoka kiwandani, na uchafu ule ndio unaoila kwa ndani. Iliandaliwa kwa vita ya Iran: ijazwe, ipelekwe mstari wa mbele, irushwe ndani ya wiki au miezi michache. Kuikuta miaka 15 baadaye ni kukuta tui lililolala. Mwaka 2005 na 2006 majasusi wa Marekani walinunua kimyakimya angalau Borak 400 kutoka kwa muuzaji mmoja wa Iraq ili zisiangukie kwa wapiganaji. Walipozipima, zilizokuwa na hali nzuri zaidi zilifika usafi wa asilimia 13 hivi. Hiyo inaweza kumdhuru aliyeishika, hata kumuua akiwa chumba kilichofungwa. Lakini kama silaha ya jeshi imeshakufa.

Makombora ya mizinga ya milimita 155 yalibeba haradali. Haradali ni habari nyingine kabisa. Ni mafuta mazito. Ikizeeka, sehemu hugeuka utomvu na kuganda, ila kinachobaki majimaji kinaunguza vilevile. Wakulima wa Ubelgiji na Ufaransa bado wanainua kwa jembe makombora ya vita ya 1914 hadi 1918, na jeshi la Ubelgiji lina kambi maalumu pale Poelkapelle kwa kazi hiyo hiyo tu. Kwa hiyo anayesema "za zamani maana yake hazina madhara" naye anakosea.

Kuna na maganda matupu. Tarehe 16 Januari 2003, kabla ya vita, wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe walikuta vichwa vitupu 11 vya roketi za 122 kwenye ghala la Ukhaider. Vilikuwa ndani ya masanduku, havijajazwa kitu.

Roketi zaidi ya 2,400 kati ya hizo 5,000 zilitoka shimo moja, kambi ya zamani ya Walinzi wa Jamhuri karibu na Taji, mwaka 2006. Na zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, zimetengenezwa kabla ya 1991. Hakuna hata moja ya 1995 au 2002. Uzi huu wote umening'inia kwenye ukweli huo.

#4 Kipanga

FundiBaruti umeeleza vizuri ila umeruka penye mwiba. Wakaguzi walikuta makombora kama dazeni ya haradali miaka ya 1997 na 1998. Walipoyapima Aprili 1998 usafi ulikuwa kati ya asilimia 94 na 97. Baada ya miaka saba! Na Iraq ilikuwa imeripoti kwamba makombora 550 ya aina hiyo hiyo "yamepotea" baada ya vita ya Ghuba. Wewe ungekuwa mkuu wa nchi, mtu aliyewahi kuua raia wake kwa gesi anakuambia 550 yamepotea, na sampuli inaonyesha bado mazima. Ungelala?

#5 FundiBaruti

Usafi wa 94 hadi 97 ni kweli, na nimesema haradali inadumu. Lakini 550 ni kiasi gani vitani? Kwa vikosi vya mizinga ni mapigo ya muda mfupi, sehemu moja ya uwanja. Ni hatari kwa kikosi kilichopo mbele yake, si kwa London wala Washington. Na yale makombora dazeni yalikutwa wapi? Kwenye ghala la zamani la kemikali, na wakaguzi, wakati ukaguzi unaendelea.

#6 Wakili wa Kibarazani

Tuje kwenye sheria, maana neno "halali" lipo kwenye kichwa cha uzi.

Kinyamkela amesoma 687 sawasawa: neno ni "zote." Kombora moja lililofichwa kwa makusudi ni ukiukaji. Hilo silipingi. Swali ni nani mwenye mamlaka ya kusema "umekiuka, sasa tunakupiga."

Hoja ya London na Washington ilijengwa kama ngazi. Azimio 678 la Novemba 1990 liliruhusu nguvu kuitoa Iraq Kuwait. 687 likaisimamisha ruhusa hiyo kwa masharti. 1441 likasema masharti yamevunjwa. Basi ruhusa ya 1990 imefufuka. Lord Goldsmith, Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, aliandika 7 Machi 2003 kwamba njia salama zaidi kisheria ni kupata azimio la pili. Siku kumi baadaye, 17 Machi, jibu lake bungeni likawa fupi na bila shaka yoyote: ruhusa imefufuka.

Ngazi hiyo ina kipago kilichooza. 1441 lilisema ukiukaji mpya uripotiwe kwenye Baraza ili Baraza lipime. Siku ya kura, balozi wa Marekani John Negroponte alisema mwenyewe kwamba azimio halina kitufe kilichofichwa wala vita ya kujiwasha. Kwa kauli hiyo ndipo kura zikafika 15. Machi 2003 wakatafuta azimio la pili. Waafrika watatu waliokuwa barazani, Angola, Cameroon na Guinea, wakabembelezwa kweli kweli, na Guinea ndiyo iliyokuwa kiti cha urais wa Baraza mwezi huo. Kura tisa hazikuonekana, Ufaransa ikaahidi turufu, azimio likaondolewa mezani bila kupigiwa kura. Ukiomba ruhusa ukanyimwa, huwezi kurudi nyumbani ukasema hukuihitaji. Kofi Annan alitamka Septemba 2004 kwamba kwa mtazamo wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa vita ile haikuwa halali. Tume ya Uholanzi ya 2010 nayo ikafika huko huko.

Jambo la pili: uhalali wa vita unapimwa kwa kilichojulikana siku ya kuianza. Roketi za Taji zilionekana 2006. Haziwezi kurudi nyuma miaka mitatu zikawa sababu.

Na dokezo dogo kwa wapenda maneno. Mkataba wa Silaha za Kemikali una tafsiri yake ya "silaha za kemikali za zamani": zilizotengenezwa kabla ya 1925, au kati ya 1925 na 1946 zikiwa zimechakaa kiasi cha kutotumika. Makombora ya Iraq ni ya miaka ya 1980. Kisheria si "za zamani" hata kidogo, ni silaha za kemikali kamili, na Iraq ilipojiunga na mkataba 2009 ilibidi iyatangaze hivyo. Hapo Kinyamkela anaweza kucheka kidogo.

#7 Kinyamkela

Nimecheka kidogo 😄

Ila hoja ya "siku ya kuianza" inakata pande mbili, Wakili. Siku hiyo kila mtu aliamini silaha zipo, hata waliopinga vita. Hesabu za Umoja wa Mataifa zilikuwa na matundu makubwa. Au siyo?

#8 Mhasibu Mkavu

Matundu yalikuwepo. Ngoja niyafungue, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Ukaguzi wa silaha ni hesabu ya ghala. Andika kilichotengenezwa. Toa kilichotumika. Toa kilichoteketezwa mbele ya shahidi. Kinachobaki lazima ukione kwa macho. Kusipokuwa na cha kuona, unaandika "hakijathibitishwa." Neno hilo halina maana ya "kipo." Lina maana ya "karatasi hazitoshi."

Iraq kwa miaka yote ilijaza silaha kama 130,000, na kama 101,000 zikatumika vitani. Wakaguzi wa UNSCOM, tume ya Umoja wa Mataifa ya miaka ya 1990, chini ya Rolf Ekéus na baadaye Richard Butler, walisimamia kuteketezwa kwa silaha 38,537 zilizojazwa na zisizojazwa, tani 690 za sumu na zaidi ya tani 3,000 za malighafi. Halafu kukabaki mapengo. Kubwa lilitokana na waraka wa jeshi la anga ulioonekana Julai 1998: Iraq ilidai mabomu 19,500 yalitumika kati ya 1983 na 1988, waraka ukasema 13,000. Tofauti 6,500, sawa na kama tani 1,000 za sumu.

Pengo limetoka wapi? Julai 1991 Iraq iliteketeza kwa siri sehemu ya silaha ambazo haikuzitangaza. Bila shahidi, bila daftari, kinyume kabisa na 687. Walidhani wanajificha, kumbe walichoma risiti zao. Hussein Kamel, mkwe wa Saddam aliyekimbilia Jordan Agosti 1995, aliwaambia wakaguzi kwamba silaha ziliteketezwa. Wakaandika, ila bila karatasi hakuna mhasibu anayefunga kitabu kwa maneno ya mtu aliyetoroka. Ongeza vita ya miaka minane ambayo mabomu yaligawiwa usiku na kuandikwa asubuhi kwa kukisia. Ongeza maghala yaliyopigwa na ndege 1991. Silaha 5,000 kati ya 130,000 ni chini ya asilimia 4. Kwa jeshi lililokimbia Kuwait kwa vurugu vile, ningeshangaa zaidi kama pasingebaki kitu mchangani.

Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alilijua hilo. Tarehe 14 Februari 2003 aliliambia Baraza kwamba vitu visivyothibitishwa visirukiwe kuhesabiwa kuwa vipo, ingawa uwezekano haujafutwa. Siku tisa kabla yake Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikuwa ameketi chumba hicho hicho akisema kwa makadirio ya chini Iraq ina akiba ya tani 100 hadi 500. "Haijathibitishwa" ikawa "akiba" kwa kubadilisha kitenzi tu.

Kwa hiyo Kinyamkela, ni kweli wengi waliamini. Lakini kulikuwa na watu 100 na ushee waliokuwa kazini kubadilisha imani kuwa hesabu. UNMOVIC, tume ya Blix iliyorithi UNSCOM, ilifanya ukaguzi 731 kwenye vituo 411 tangu 27 Novemba 2002. Tarehe 7 Machi Blix akasema kazi iliyobaki haihitaji miaka wala wiki, inahitaji miezi. Wakaguzi wakaondolewa 18 Machi.

#9 Mzee wa Gahawa

"Walichoma risiti zao." Hii naondoka nayo.

#10 BintiTumbatu

Naomba kuongeza kipimo kingine ambacho hamjakigusa: wengine waliookota vitu kama hivi walifanyaje?

Mwishoni mwa 2002, wakati ule ule wakaguzi wanarudi Baghdad, Albania iligundua kwenye mahandaki milimani nje ya Tirana makontena kama 600 yenye tani 16 za sumu, nyingi haradali, yaliyosahauliwa tangu enzi za Enver Hoxha. Tani 16 za haradali nzima. Hakuna aliyepeleka manowari. Albania ikatangaza 2003, Marekani ikalipia mtambo wa kuchomea, na Julai 2007 ikawa nchi ya kwanza duniani kumaliza akiba yake yote.

Januari 1993, mafundi wakichimba mtaro mtaa wa Spring Valley, ndani ya Washington penyewe, walikuta makombora ya vita ya kwanza ya dunia yaliyofukiwa na kituo cha majaribio cha jeshi. Kisiwa cha San José, Panama, kilibaki na mabomu 8 ya Marekani ya miaka ya 1940 hadi yalipoteketezwa 2017. China bado inafukua yale ya Wajapani. Agosti 2003 mapipa yaliyofukuliwa Qiqihar yaliua mtu mmoja na kujeruhi zaidi ya 40. Japani ilibeba mzigo wa kuteketeza. Beijing haikuipiga Tokyo.

Silaha iliyosahauliwa ni kazi ya mafundi na bajeti. Imekuwa hivyo kila mahali isipokuwa Iraq.

#11 Kipanga

Bibie, mifano mizuri lakini hailingani. Albania ilijisema. Wajapani waliofukia walishakufa. Iraq ni nchi ambayo tarehe 16 Machi 1988 ilimwaga gesi juu ya mji wake, Halabja, wakafa watu kati ya 3,200 na 5,000 kwa siku moja. Kiongozi yule yule bado yuko kitini 2003. Aliudanganya ukaguzi kuhusu VX, sumu nyingine ya neva, mpaka 1995 alipobanwa ndipo akakiri. Kwa mtu wa namna hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wake. Ukimkuta jirani na historia ya kuchoma nyumba ameshika kiberiti kilicholowa, hungojei kikauke.

#12 Wakili wa Kibarazani

Kipanga, hapo una hoja yenye uzito kuliko zote zilizoletwa leo na sitaki kuipita juu juu.

Mzigo ulikuwa wa Saddam, kweli. 687 liliuweka kwake. Alidanganya, kweli. Lakini angalia Halabja inatumikaje. Ilikuwa 1988. Mwaka huo hapakuwa na vita ya kumwadhibu, hata vikwazo havikupita. Kuichukua 2003 kama sababu ni kuadhibu kosa la miaka 15, na sheria ina mlango wa kuadhibu, unaitwa mahakama. Tena mlango huo ulipopatikana ulitumika vibaya: Saddam alinyongwa 30 Desemba 2006 kwa kesi ya mauaji ya mji wa Dujail, kabla kesi ya Anfal, kampeni ya kuwaua Wakurdi, haijaisha, na Halabja hakuijibu kabisa. Aliyenyongwa kwa Halabja ni Ali Hassan al-Majid, Januari 2010.

Na kiberiti chako: ripoti ya 2004 ya Charles Duelfer, mkuu wa timu ya Marekani iliyotafuta silaha baada ya uvamizi, baada ya watu zaidi ya elfu kupekua nchi nzima, ilisema akiba iliteketezwa 1991 na hakukuwa na uzalishaji mpya. Mpaka Machi 2005 timu ile ilikuwa imepata silaha 53 tu za kabla ya 1991. Jirani hakuwa ameshika kiberiti. Viberiti vilikuwa vimeanguka nyuma ya kabati na mwenyewe hajui.

#13 Kinyamkela

Sawa, napunguza madai. Nakubali 5,000 hazithibitishi kilichosemwa 2003: kilichosemwa ni akiba hai na viwanda vinavyofanya kazi. Sirudi nyuma kwenye sentensi ya "hawakukuta chochote," hiyo bado ni uongo.

Kinachonisumbua ni hiki: kama serikali ya Bush ilikuwa inatafuta ushahidi kwa tochi, mbona 5,000 zilifichwa? Ungetarajia zipigiwe ngoma.

#14 BintiTumbatu

Kwa sababu zilipogeuzwa upande wa pili zilisomeka vibaya. Uchunguzi ule wa New York Times wa 2014 ulionyesha kwamba katika matukio matano kati ya sita yaliyojeruhi wanajeshi, silaha zilielekea kubuniwa Marekani, kutengenezwa Ulaya na kujazwa kwenye mitambo iliyojengwa Iraq na kampuni za Magharibi. Miaka ya 1980 Saddam alikuwa upande wa kupendwa. Hakuna msemaji wa serikali anayetaka picha hiyo pembeni ya kipaza sauti.

#15 FundiBaruti

Na kuficha kuliumiza watu. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoona haisemwi vya kutosha.

Kombora la haradali la 155 kwa nje linafanana na la kawaida au la moshi. Rangi na alama zimeshaliwa na kutu. Njia ya kulitambua bila kulifungua ni mbili, na hutumika pamoja. Eksirei ya kubeba: unalilaza kombora kwa kuliinamisha, unaangalia kama ndani kuna mstari wa majimaji unaohama. Baruti haihami, majimaji yanahama. Halafu kifaa cha nyutroni: kinalipiga ganda kwa nyutroni na kusoma mionzi inayorudi, kila elementi na sauti yake. Klorini na sulfuri kwa pamoja, hiyo haradali. Fosforasi peke yake inaweza kuwa moshi tu. Fosforasi na florini, hiyo sarini. Timu ya kawaida ya kutegua mabomu Iraq haikwenda na vifaa hivyo barabarani. Ilikwenda na koleo, baruti za kulipulia na haraka ya kuondoka kabla ya kushambuliwa.

Kwa hiyo makosa yakajirudia. Wanalundika makombora wanalipua hadharani. Moja linapasuka bila kuungua, majimaji yanatapakaa. Askari anashika udongo uliolowa, ananusa kitu kama kitunguu saumu au haradali, haumwi na chochote, anarudi kambini. Haradali haiumi papo hapo; malengelenge na macho kuvimba huja saa 2 hadi 24 baadaye. Akifika kwa daktari ambaye hajaambiwa kwamba kuna haradali nchini, anapewa dawa ya kuungua na kurudishwa kazini. Wengine waliambiwa wasiseme walichokuta. Baada ya 2014 ikabainika wanajeshi zaidi ya 600 walikuwa wameripoti kuhofia wameathirika.

Utaratibu sahihi si siri. Ukishuku, simama, usiligeuze. Ondokeni kwa kuufuata upande upepo unakotoka. Barakoa kwanza, maswali baadaye. Aliyeguswa avuliwe nguo zote hapo hapo na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni ndani ya dakika chache, maana haradali ikishaingia kwenye ngozi kuosha hakusaidii tena. Andika mahali, saa na majina ya wote waliokuwepo, hata wasio na dalili, na wafuatiliwe. Kombora linafungwa kwenye chombo kisichovuja na kwenda kulipuliwa ndani ya chumba cha chuma, kama wanavyofanya Wabelgiji.

Mei 2004 kombora la sarini lilitegwa kando ya barabara Baghdad na watu ambao inaonekana hawakujua wanategesha nini. Lilifanya kazi vibaya, wanajeshi wawili wakatibiwa kwa dalili hafifu. Lilitoka wapi? Pengine maghala ambayo Aprili 2003 yaliachwa wazi bila mlinzi. Kabla ya vita takataka hizi zilikuwa zimefukiwa chini ya dola katili lakini yenye walinzi. Vita ndiyo iliyozipeleka sokoni.

#16 Kipanga

Hilo la mwisho sina la kulijibu.

#17 Mhasibu Mkavu

Kwa anayetaka kulinganisha njia: kikosi cha uteketezaji cha UNSCOM kilipiga kambi Muthanna, kiwanda kikuu kaskazini-magharibi ya Baghdad, 1992 hadi 1994. Haradali ilichomwa kwenye tanuri, sumu za neva zikavunjwa kwa maji na kemikali. Miaka miwili, kundi dogo la mafundi wa nchi nyingi. Syria 2013, baada ya shambulio la gesi la Ghouta: Azimio 2118 likapita 27 Septemba, tani kama 1,300 zikatangazwa, na kufikia Agosti 2014 meli Cape Ray ilikuwa imemaliza tani kama 600 za hatari zaidi baharini. Haikukamata kila kitu, Assad alificha. Ila tani zile hazikurudi tena.

#18 Nahodha

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Swali moja: Muthanna si ndiyo ISIS waliiteka 2014? Waliondoka na nini?

#19 FundiBaruti

Ndiyo, 11 Juni 2014. Baghdad iliiandikia Umoja wa Mataifa kwamba waasi wameingia eneo lenye handaki namba 13 na namba 41.

Handaki 13 lilipigwa bomu Februari 1991 likiwa na roketi kama 2,500 za sarini. UNSCOM walipofika hawakuthubutu kuzitoa: nyingine zimevunjika, nyingine zinavuja, na huwezi kujua ipi bado ina fyuzi. Wakaamua 1994 kuziba milango kwa matofali, zege na udongo, na kuacha kila kitu ndani. ISIS hawakupata cha maana mle. Haradali waliyoitumia Marea, Syria, Agosti 2015 walijipikia wenyewe, chafu.

Iraq ilipotangaza 2009 mahandaki yale yalikuwa bado tatizo. Kuzitoa roketi zile kungehatarisha mafundi, kuziacha kama zilivyo kungekiuka mkataba. Mwishowe wakayafunika kwa zege yakawa kaburi moja lisilofunguka, na Machi 2018 OPCW, shirika linalosimamia Mkataba wa Silaha za Kemikali, wakathibitisha kwamba Iraq imemaliza. Miaka 27 tangu 687.

#20 Nahodha

Kwa hiyo zile 2,500 bado ziko pale?

#21 FundiBaruti

Ziko pale.